Niliwakana Wanafunzi Wangu Dirishani

Wenzangu, naandika haya kwa aibu. Jumamosi nilikuwa kanisani kijijini Nyakasimbi, huku karibu na mpaka, nikifundisha Kiingereza, kazi ninayojitolea. Wanafunzi wangu ni vibarua na wakulima wenye asili ya Burundi na Rwanda. Wiki nzima watu walinong'ona kwamba maofisa wa Uhamiaji wanapita kukamata wasio na vibali, na anayewakusanya wageni naye atabebwa.

Ghafla mwanamume mwenye magwanda na buti akasimama mlangoni. Badala ya kuwatetea watu wangu, nilirukia dirisha la nyuma. Sketi ikanasa kwenye komeo. Nikaning'inia kichwa chini juu ya migomba, nikilia, "Afande, mimi ni Mnyambo wa hapahapa! Hawa siwajui!"

Yule mwanamume akazunguka nje, akainama mpaka macho yetu yakakutana.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mlinzi wa ghala la kahawa. Nimekuja kusoma."

Ndani, Mama Sperata, mwanafunzi wangu aliyeingia nchi hii akiwa mgongoni kwa mama yake, alikuwa akiinasua sketi yangu polepole.

"Mwalimu," akauliza, "kweli hutujui?"