Treni Isiyojua Jumapili

Lavonne Schrag, meneja wa ghala la ushirika la Hochfeld, Kansas, ngano aliijua nje ndani. Ila mkataba wa reli aliusoma kama wengi wetu tunavyosoma mikataba: alitazama bei, akatia sahihi.

Na bei ilikuwa tamu kweli. Treni moja ya mabehewa mia na kumi ingebeba shehena ya malori mia nne, tena kwa mafuta kidogo mno. Mwaka mzima Lavonne alizunguka shamba kwa shamba akiyahubiri hayo, mpaka wanachama wakakubali kutoa fedha zao na kujenga njia ya reli kando ya ghala. Baba yake, Menno Unruh, aliuza ekari arobaini ili naye atie fungu.

Sharti lilikuwa hili: treni ikishaletwa, ijazwe ndani ya saa kumi na tano, la sivyo punguzo la bei linafutwa. Bila punguzo wanachama wangerudi kwenye malori, na reli yao mpya ingeota majani. Siku ya kuleta treni ilikuwa ya kampuni ya reli kuchagua, na hapo ndipo Lavonne alipoteleza. Hochfeld ni mji wa Wakristo wa Kimenonaiti. Kwao kutofanya kazi Jumapili ni jambo ambalo halina haja ya kusemwa, na kwa kuwa halisemwi, hakukumbuka kuliandika.

Treni ikaletwa Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi.

Kuijaza huchukua saa kumi na moja, kwa hiyo kazi ilipaswa kuanza kabla ya saa nne. Saa tatu Lavonne alikuwa mlangoni mwa kanisa. Harlan Goertzen, mwenye malori, akasimama mbele yake.

"Dada Lavonne, lori langu Jumapili nalizima tu, nakuja kusali. Hiyo treni yako inazimwa wapi?"

"Kaka Harlan, niache leo."

"Mimi nimekuacha. Treni je, itakuacha?"

Ndani, mchungaji alipowaalika watu waseme furaha na mizigo yao, kama afanyavyo kila wiki, Lavonne alisimama.

"Kosa ni langu," alisema. "Nikinyamaza, fedha zenu zinapotea. Nikiomba msaada, nawaomba mfanye kazi siku ya Bwana. Sijui niseme nini. Naogopa."

Watu wakamgeukia Menno, maana yeye ndiye aliyetia fungu kubwa kuliko wote. Mzee hakuinuka.

"Binti yangu, uliniambia reli haichoki."

"Ndiyo, baba."

"Hukuniambia kwamba haipumziki."

Hakuna aliyecheka. Dirishani mabehewa yalionekana yamejipanga, matupu yote. Kwenye benchi la nyuma, wafanyakazi wake wanne wa ghala walikuwa wamemkazia macho. Angewapa ishara tu, wangetoka naye kwenda kujaza treni. Alilijua hilo, na ndilo lililomtisha kuliko yote.

Alimtazama baba yake. Mikono ya mzee ilikuwa juu ya magoti, mikono iliyolima zile ekari miaka hamsini.

Lavonne akaketi bila kuwapa wafanyakazi ishara. Menno akasogea, akaushika mkono wa binti yake kwa nguvu, na wakakaa hivyo mpaka saa nne ikapita, treni ingali tupu.