Salamu Baada ya Ndege

Mpaka leo nikiamka kabla ya jua, nasikia kwanza ukimya wa kijiji cha Nyantende, halafu ndege. Ukungu ulikuwa ukilala juu ya kinamasi, mashamba ya mtama yakielea ndani yake, nami nimesimama katikati, nusu usingizini, nikihesabu sauti za viumbe nisiowaona. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza.

Ofisi moja ya mjini Bukavu, inayochunguza mazingira kabla ya barabara kujengwa, ilikuwa imenichukua kwa majaribio. Nilitakiwa kuhesabu ndege wa kinamasi kile, hasa korongo wenye taji, ili barabara isipite juu ya viota vyao. Chef wangu, mkuu wa ofisi, alisema waziwazi: nikirudi na hesabu kamili, nitabaki, nikishindwa, kwaheri. Maman, mama yangu, nyumbani kwetu mtaa wa Kasha, alicheka mpaka akashika mbavu. "Université yote ile, kumbe ni juu ya kusikilizaka ndege?" Nilinuna. Nikamjibu kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Kanuni ya kuhesabu ndege ni fupi: unafika kabla ya mapambazuko, unasimama mahali pamoja, unafunga mdomo dakika kumi. Ukisema neno, ndege wananyamaza, unaanza upya. Siku ya kwanza akapita mama mmoja, jembe begani, akanisalimia kama kila mwanamke anavyosalimiwa kwetu: "Jambo, maman. Umeamuka?" Nikaweka kidole mdomoni. Akaniangalia kidogo, akaendelea na njia. Wakapita wengine, nikawafanyia vilevile, nikijiona mtaalamu kwelikweli.

Jamani, kwetu nani asiyejua? Mtu anayesimama alfajiri katika shamba la wengine, peke yake, asiyeitika salamu, ana jina moja tu: mchawi. Nimekua nikilisikia jina hilo, na bado sikulifikiria. Asubuhi iliyofuata niliwakuta wale wapita njia wakiningoja, yule mama mbele yao.

"Kama uko mutu muzuri," akasema, "juu ya nini hauitikake salamu? Ni mulozi tu anasimamaka vile."

Nikaanza kueleza, Kifaransa cha darasani kikanijaa mdomoni, hakikumsaidia mtu. Mwishowe nikaacha. Nikawasalimia mmoja mmoja, mkono kwa mkono, kwa lugha yao, Kimashi, niliyofundishwa na bibi yangu, nikawauliza habari za watoto, za mihogo, za mbuzi. Jua likapanda, ndege wakamaliza kuimba bila mimi, nami nikaiona kazi yangu ikienda nao. Ndipo nikawaambia: nasikiliza korongo, nikiitika salamu wananyamaza, nisipowasikia, barabara itapita juu yao, na mimi nitarudi kukaa kwa mama yangu bila kazi. Hilo la mwisho liliwachekesha. Yule mama hakucheka.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito, hata vidole vyangu sikuviona vizuri. Nikasimama mahali pangu. Nikasikia nyayo, nikajua ni yule mama, nikajiuliza: nimwitikie, au niinusuru hesabu? Hakusema kitu. Akaja mpaka ubavuni mwangu, akateremsha jembe, akasimama. Wengine wakafika nyuma yake, wakasimama pia na makapu yao, kama watu wanaongoja komunyo. Hakuna aliyekohoa. Kutoka ndani ya weupe ule korongo wakaita, wawili kwanza, halafu wengine ng'ambo ya maji, wakiitikiana. Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta.

Dakika zilipokwisha nilishusha pumzi. Hesabu ilikuwa kamili. Mama akachukua jembe lake, akaliweka begani, akanigeukia.

"Sasa," akasema. "Jambo, maman. Umeamuka?"