Suti ya Maziko

Naliaka alifanya kazi kwa dobi pale Dagoretti Corner mpaka duka likafungwa. Kisha akasikia hoteli moja katikati ya jiji inatafuta msimamizi wa chumba cha kufulia. Kazi ile ilikuwa saizi yake kabisa. Kilichomtisha ni mahojiano, maana yangekuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kilimkauka kooni kila alipoona mtu mwenye tai.

Akajiunga na darasa la Mwalimu Masila, Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa hapa Riruta. Mimi ni jirani yake mlango kwa mlango, na sifichi: huyo Masila simpendi hata leo. Alifundisha Kiingereza cha kutafuta kazi jinsi tulivyofundishwa kila kitu shuleni, kwa kukariri. Anasema, darasa linaitikia.

Siku moja akauliza nani amewahi kutatua tatizo kubwa kazini. Naliaka akaeleza kwa Kiswahili chake. Mteja alikuja kuchukua suti ya kumzikia baba yake, akakuta imepewa bwana harusi kimakosa. Naliaka akakimbia hadi kanisani, akamwita bwana harusi chumba cha pasta, akamvua suti kabla bibi harusi hajafika. Marehemu akazikwa kama mtu.

Darasa lilicheka mpaka machozi. Masila akaiandika hadithi hiyo ubaoni kwa Kiingereza, akaamuru kila mtu aikariri, maana hilo ndilo jibu lenyewe. Naliaka alifurahi kama mtoto. Kila jioni nilimsikia akilirudia huku akikatakata sukuma wiki.

Siku ya mahojiano walikwenda kadhaa kutoka darasa hilo hilo. Jacklyne, ambaye hajawahi kumpigia mtu pasi, aliitwa wa kwanza. Naliaka aliitwa wa mwisho. Meneja, mama mmoja anayeitwa Kajal, akamuuliza kuhusu tatizo alilowahi kutatua, na Kiingereza kikamtiririka Naliaka kuliko siku zote. Kajal akainua mkono.

"Wacha nikumalizie. Bwana harusi amevaa suti ya maiti?"

"Yes, madam."

"Dada, leo hii suti imeokolewa na kila mtu. Next time tafuta uongo yako mwenyewe."

"Ni mimi, madam. Ni mimi nilienda." Kiingereza kilikuwa kimemwishia. Kajal alikuwa ameshasimama kumfungulia mlango.

Kazi alipewa Jacklyne. Aliyesema kwanza ndiye aliyeaminiwa. Mchimba kisima hukatazwa maji, lakini mimi nilitaka kwenda kumvuruga Masila mbele ya darasa lake. Naliaka akanishika mkono.

"Wacha, Mama Ryan. Si nilimpa mwenyewe?"

Sasa anafua na kupiga pasi nguo za watu hapa plotini. Juzi Jacklyne alikuja na mkate, ametabasamu mpaka masikioni.

"Niaje, Naliaka. Si unisaidie kidogo. Madam anapenda ile story, kila wageni wakikuja ananiita niwaambie. Sasa ameniuliza, huyo bwana harusi alioa akiwa amevaa nini?"

Naliaka alikuwa na shati mezani. Akapiga pasi mkono mmoja, akaugeuza, akapiga wa pili. Mkate hakuugusa.

"Nitajua aje, Jacklyne?" akasema. "Mimi sikuwa huko."