Mgodi wa Mjane: siri aliyoitunza mzee Haskett kwa miaka 21

Saa moja asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya milima ya Ceniza, na mzee Lyle Haskett tayari amepiga magoti kwenye kijito kikavu nyuma ya kibanda chake. Anapepeta mchanga.

Hatumii maji, maana huku hayapo ya kuchezea. Anamimina mchanga kwa koleo kwenye kisanduku cha mbao, kisha anavuta mvukuto uliofungwa chini yake. Vumbi linapaa, linageuka rangi ya chungwa kwenye mwanga, linaelea kidogo na kupotea. Kilicho kizito hubaki. Mara nyingi kinachobaki ni mchanga mweusi tu.

Leo zimo chembe mbili. Anaziokota kwa ncha ya kidole alichokilowesha mate, anazitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la jirani wa zamani.

"Ndogo," anasema, "lakini zina adabu. Zimekuja mapema."

Ana umri wa miaka 78. Kwa mwezi huuza vumbi la dhahabu la dola thelathini hivi, akibahatika arobaini. Ukijumlisha na pensheni yake ndogo, anapata maharage, unga, tumbaku na shayiri ya punda wake wawili. Hajawahi kuwa na zaidi ya hapo, na ukimuuliza kama anajuta, atakuuliza wewe unajutia nini.

Mji wote wa Palo Hondo unamjua kama mtu aliyeutafuta Mgodi wa Mjane maisha yake yote bila kuuona. Watu humtania hivyo dukani, humtania hivyo kwa kinyozi, na yeye hucheka pamoja nao.

Wiki iliyopita alikuja kwenye ofisi ya gazeti hili, akavua kofia, akasema ana jambo la kusema. Mgodi wa Mjane aliuona. Aliuona mwaka 1953, akanyamaza hadi leo.

Hadithi ya mgodi huo imesimuliwa katika kila baa ya wilaya hii. Inasemekana zamani mtu mmoja na vibarua wake sita walichimba dhahabu mahali fulani katika Korongo la Ceniza. Homa ikawamaliza wote, akabaki mke wa mwenye mgodi. Alishuka kwa miguu hadi barabarani, mawe ya dhahabu yamefungwa kwenye upindo wa sketi yake, akafa kabla hajaeleza ametokea wapi.

Haskett aliisikia mwaka 1931. Alikuwa amefika Arizona kutoka Missouri kwa treni ya mizigo, shamba la baba yake limeuzwa, mfukoni ana dola kumi na moja. Kinyozi mmoja alimnyoa ndevu, akamsimulia habari za mjane, kisha akamuuzia ramani kwa dola tano.

"Alinionea huruma," anasema. "Bei yake ya kawaida ilikuwa dola sita."

Majira ya baridi ya mwaka uliofuata, akiwa ndani ya korongo, aliona moshi mwembamba mbele yake. Alinyatia na bunduki mkononi. Nyuma ya mwamba alimkuta mtu amechuchumaa anageuza mkate juu ya bati, na kando yake imetandazwa ramani, imezuiwa kwa mawe manne. Ilikuwa ramani ileile. Hata doa la wino pembeni lilikuwa lilelile.

Mtu huyo aliitwa Eusebio Montijo, mzaliwa wa Sonora, fundi wa kujenga kuta za udongo, mwenye mke na binti mchanga mjini Palo Hondo. Aliitazama bunduki, kisha akamtazama Haskett usoni.

"Umenunua kwa ngapi?" akauliza.

"Tano."

"Mimi tatu," akasema Eusebio. "Kaa chini ule. Umeibiwa zaidi yangu."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila mwaka, kuanzia Novemba joto linapopungua hadi Machi linaporudi, walikuwa milimani pamoja. Eusebio alijua kuujengea moto ukuta ili mtu alale na joto mgongoni. Haskett alijua mawe. Wote wawili hawakujua kuimba, na waliimba kila siku.

Anapozisimulia siku hizo, mzee huyu hupunguza sauti, na maneno huja polepole, kama yanavyokuja maji kwenye mchanga ukichimba kwa mikono. Anasimulia asubuhi walizoamka blanketi zimetapakaa umande wa barafu, na jua likawayeyushia taratibu bila mtu kutikisika. Anasimulia madungusi marefu ya miiba yaliyosimama mlimani kama watu wanaosubiri kuitwa. Anasimulia ukimya, ambao anasema ulikuwa na rangi, na rangi yake ilibadilika saa tisa alasiri.

"Siku nyingine tulisahau tunatafuta nini," anasema. "Tunakumbushana wakati wa kula."

Si Eusebio peke yake aliyempata huko. Mwaka wao wa tatu waliishiwa maji, wakakutana na Delphina Antone, mwanamke wa Waodham, wenyeji wa jangwa hilo, aliyekuwa akifuatilia ng'ombe wa baba yake. Aliwatazama wanaume wawili wazima wakilamba kifuniko cha kopo, akawaongoza hatua mia mbili tu hadi kwenye bakuli la mwamba lililojaa maji ya mvua. Walikuwa wamelipita mara tatu. Tangu hapo Delphina alikuwa akiwaonyesha maji, nao walimsaidia kutafuta ng'ombe waliopotea. Haskett anasema ng'ombe angalau walikuwa wanapatikana.

Mwaka 1949 Eusebio alipoteza nyundo yake. Ilikuwa nyundo ya kupasulia mawe, mpini wake umezungushiwa kitambaa cha buluu alichoshonewa na mkewe. Alirudi kambini jioni mikono mitupu, akasema mafuriko yameichukua. Haskett alimpa pole. Hakujiuliza mafuriko gani, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha siku tisa.

Miaka minne baadaye, Februari, Eusebio aliugua mapafu akabaki mjini. Haskett alipanda peke yake. Siku ya pili punda mmoja alikata kamba, naye akamfuata hadi kwenye mwanya mdogo upande wa mashariki wa korongo, uliozibwa na vichaka vya miiba. Punda alikuwa amesimama ndani, kwenye kivuli. Nyuma yake kulikuwa na tundu, refu kiasi cha mtu aliyeinama.

"Nilijua palepale," anasema. "Moyo haukudunda. Ulinyamaza kabisa, kama nyumba watu wakitoka."

Aliwasha taa akaingia. Shimo lilikwenda hatua sitini ndani ya mwamba. Kulikuwa na kikapu cha ngozi kilichooza, ngazi ya gogo, alama za patasi ukutani. Alifuata mshipa wa jiwe jeupe kwa mkono hadi mwisho, akauona ulipofinyika na kukatika. Aligongagonga kila pembe. Hakuna kitu. Waliokufa kwa homa walikuwa wameshaimaliza dhahabu yote. Mjane alibeba ya mwisho.

Na pale mwisho kabisa wa shimo, imeegemezwa vizuri ukutani, ilikuwepo nyundo yenye kitambaa cha buluu.

Haskett anakiri kwamba jambo la kwanza aliloliwaza lilikuwa baya. Aliwaza kwamba Eusebio aliikuta dhahabu akaila peke yake. Alikaa pale kwa siku tatu, hasira zinampanda. Alikumbuka kila mara Eusebio aliposema twende magharibi, kila mara aliposema upande wa mashariki hauna maana. Siku ya nne aliteremka mjini kwenda kumwuliza ana kwa ana.

Alifika nyumbani kwa Montijo mvua inanyesha. Ndani kulikuwa na masufuria manne sakafuni, yanakinga maji yanayovuja kutoka darini. Mke wa Eusebio alikuwa anashona viatu vya mtu mwingine kwa malipo. Eusebio mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, amekonda, amejifunga shali ya mkewe, ameshika penseli. Alikuwa anachora ramani nyuma ya kalenda.

"Swahiba," akamwambia, "nimefikiri sana humu kitandani. Tumekosea miaka yote hii. Ni upande wa kaskazini. Nikipona tu, tunaanza kaskazini."

Haskett alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika kofiani. Anasema aliyatazama masufuria, akamtazama rafiki yake, na hasira ikamtoka yote mara moja.

"Sawa," akamjibu. "Kaskazini. Ila wewe ndiye utakayebeba kuni."

Walikwenda kaskazini. Walikwenda kwa miaka kumi na miwili zaidi, wawili wakitafuta kitu ambacho kila mmoja alijua hakipo. Haskett anasema hiyo ndiyo miaka aliyofurahi kuliko yote, maana hakuwa tena na haraka. Alimtazama mwenzake akigonga mawe kwa makini, akiyanusa, akitikisa kichwa, na yeye akafanya vivyo hivyo.

Eusebio alifariki mwaka 1965. Siku moja kabla, alimshika Haskett mkono, akamwambia upande wa kaskazini hawajaumaliza. Haskett akasema ni kweli, hawajaumaliza. Mpaka leo hajui kama mwenzake alikuwa anajua kwamba naye ameliona shimo.

Kilichomfanya aseme sasa ni jambo lililotokea mwezi Mei. Akirudi kuchukua barua aliona gari lenye namba za Nebraska limeegeshwa barabara inapoishia, mdomoni mwa korongo. Kesho yake asubuhi lilikuwa palepale, na joto lilikuwa limeshapanda hadi mtu hawezi kushika jiwe. Alimpakia punda madumu mawili ya maji, akaingia.

Alimkuta Gilbert Nyquist, miaka 61, mstaafu wa reli, amelala chini ya mwamba, midomo imepasuka, kiatu kimoja hana. Mkononi amekunja ramani. Ilikuwa ileile ya kinyozi, imenakiliwa kwa mashine, doa la wino likiwemo.

Haskett alimlowesha midomo kwa kitambaa, akamnywesha kijiko kwa kijiko hadi jua likashuka. Nyquist alipoweza kutamka, neno lake la kwanza halikuwa asante.

"Nimekaribia," alisema. "Usinirudishe. Nimekaribia."

"Hapo ndipo nilipoogopa," anasema Haskett. "Mimi na Eusebio tulinyamaza kwa ajili yetu wawili. Sikuwahi kufikiri kwamba ukimya wetu unaweza kumuua mtu wa Nebraska."

Lakini siri haikuwa yake peke yake. Septemba alikwenda posta, ambako Obdulia, binti wa Eusebio, anafanya kazi. Sasa ana miaka 43. Haskett alisubiri wateja waondoke, kisha akamweleza yote: shimo, nyundo, masufuria. Alitazamia kwamba Obdulia angeshtuka, au angelia.

Obdulia aliweka mhuri chini.

"Ami Lyle," akasema, "mimi nilijua tangu nina miaka kumi na nane. Baba aliingia jikoni siku moja akamwambia mama ameuona mgodi na hauna kitu. Mama akamwambia basi, mwambie Lyle mwache kuteseka milimani. Baba akasema, nikimwambia Lyle, atafunga mizigo arudi Missouri, na mimi nitabaki naongea na punda."

Haskett anasema aliketi kwenye benchi la posta hadi saa ya kufunga. Watu walimsalimia, hakumbuki aliwajibu nini. Miaka ishirini na moja alikuwa amebahatisha sababu ya Eusebio kunyamaza, na alikuwa amepatia.

Obdulia alimpa ruhusa ya kusema. Alimwomba jambo moja tu, nyundo iachwe pale ilipoegemezwa na baba yake.

Mwandishi alimuuliza mzee kama haogopi kwamba sasa watu hawatakuja tena kugonga mlango wake. Kila mwaka huja kumi au kumi na tano, kila mmoja na ramani yake, na wengi wao huondoka wakiwa marafiki. Ana sanduku la kadi walizomtumia, nyingine kutoka kwa wajane wao.

Akasema watu wanaotafuta migodi iliyopotea hawaishi, na mgodi wenyewe ni kisingizio chao cha kufika. Wataleta kingine.

Nyquist alirudi Oktoba, safari hii na viatu vizuri. Haskett alimweleza ukweli siku ya kwanza. Mstaafu huyo aliitazama milima karibu saa nzima, kisha akauliza kama kuna kazi yoyote ya kufanya, maana mkewe alifariki miaka miwili iliyopita na nyumba yake ya Nebraska ina vyumba vingi mno.

Kazi ipo. Alhamisi ijayo wawili hao, pamoja na Obdulia, watapeleka pipa la maji mdomoni mwa Korongo la Ceniza, walifunike kwa mawe lisipate jua. Haskett ameahidi kulijaza kila wiki mbili maadamu miguu inamkubali. Siku miguu isipomkubali, Nyquist amesema atalijaza yeye.

Ubao wa kusimamisha kando ya pipa uko tayari, umeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda. Nyquist amechuchumaa mbele yake na brashi, rangi nyeupe imemchafua hadi kwenye viwiko.

"Niandike nini, mzee?" anauliza.

Haskett anauacha mvukuto, anapangusa mikono kwenye suruali, anaitazama milima kabla ya kujibu.

"Andika kwamba mgodi umeshaonekana, na umekwisha. Andika maji ni haya, wanywe taratibu." Anaonyesha kwa kidole sehemu ya chini ya ubao. "Halafu chini, kwa herufi kubwa, waandikie kwamba kibanda changu kiko maili nne kusini, na mlango haufungwi."