Commandant, bafu na tundu la poutre

Leo commandant amekimbia na taulo tu kiunoni, na hakuna mutu alipiga risasi.

Miye niko ingénieur hapa Kadutu. Tangu vita ifike, commandant anakaa kwa nguvu mu nyumba ya étage, ghorofa ya tonton, mujomba yangu. Akataka tuyau ya maji ya bafu yake ipite ndani ya poutre, ile boriti ya béton nyepesi inayobeba étage.

Nikamuambia: "Chef, tundu karibu na nguzo itaikata. Tutoboe katikati, tuzungushe fer à béton, vyuma vya kuikaza."

"Unanifundisha vita?"

Askari wake wakatoboa palepale karibu na nguzo. Leo asubuhi anaoga, poutre ikapasuka: kraa!

Sasa anasema ni sabotage ya adui. Ameweka askari wawili chini ya poutre, waichunge!

Nimewaomba watoke.

"Papa ingénieur, hatuna ordre ya kutoka."

Bandugu, nani anajua mukubwa wa huyu commandant, awape ordre ya kutoka? Ufa inazidi kufunguka.