Vichupa vya Korane

Marehemu mume wangu, Korane, hakuuza oili ya malori ya maji. Hakuiuza Liboi, hakuiuza Diff, kule mpakani, wala hakumpa mtu amuuzie. Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita watu waliokuja kumposa binti yetu Idman waliondoka bila kumaliza chai, na siku ya tatu tukaletewa habari kwamba hawaoi kwa “yule wa mapipa.” Mimi nimesoma, nimefundisha darasani miaka kumi na moja, na nitaeleza nilichokiona mwenyewe.

Mwaka wa 1993 Korane alikuwa fundi mkuu wa gereji ya shirika moja lililopeleka maji kwenye kambi za Dadaab. Alisimamia malori tisa. Kwa sababu ya vumbi la huku, oili ya injini ilibadilishwa kila kilomita elfu tatu, iwe imechoka au haijachoka. Mwaka uliofuata meneja alileta utaratibu mpya. Kila lori lilitolewa oili kidogo injini ikiwa bado moto, ikatiwa kwenye kichupa na kupelekwa maabara Nairobi. Huko walipima vumbi na chembe za chuma zilizomo, na karatasi ya majibu ndiyo iliyosema oili ikae au imwagwe.

Karatasi zilikuja kwa Kiingereza. Korane aliishia darasa la nne, kwa hiyo nilimsomea mimi.

“Haya, Mwalimu, mgonjwa wetu ana nini?”

“Hana kitu. Vumbi kidogo, chuma kidogo. Wanasema uende mpaka elfu tano.”

“Guled asisikie. Ananiita mpima mikojo.”

Guled alikuwa dereva wa siku nyingi pale gereji, na kweli alimpokea kila asubuhi kwa maneno hayo: “Warya, wewe Korane, leo unapima mkojo wa lori gani?”

Miezi mitano mambo yalikwenda vizuri. Kisha vichupa vya maabara vikaisha. Barabarani magari yalisafiri kwa msafara wa polisi tu, na katoni mpya haikufika. Korane akaomba vichupa vitupu vya dawa kwenye zahanati, akavileta nyumbani visafishwe. Tulikuwa tunapata mitungi miwili ya maji kwa siku, maana hakuwahi kutuletea hata ndoo moja kutoka kwenye malori yale. Nikavisafisha kama mama yangu alivyosafisha vyombo malishoni: mchanga laini ndani, unatikisa, unamwaga, unamalizia kwa kitambaa. Viling’aa. Nilijivunia kazi yangu.

Majibu yaliporudi, malori yote tisa yalikuwa na vumbi la kupindukia. Karatasi ilisema oili imwagwe mara moja, na tangu hapo isipite kilomita elfu moja na mia tano.

“Soma tena,” Korane alisema. “Vumbi limejaa na chuma hakijapanda? Vumbi likiingia kwenye injini linakula chuma.”

Nikasoma tena. Nikamwambia, “Wao wana mashine, wewe una pua. Fuata karatasi.”

Akaifuata. Alibadilisha vichujio vya hewa, akakaza kila mpira wa kupitishia hewa, na majibu yakaja yale yale. Oili ikamwagwa tena na tena. Wafugaji walikuja na mitungi kuchukua ile iliyomwagwa, wawapake ngamia wenye upele, naye aliwapa bure. Watu wa langoni waliona mitungi ikitoka kila siku. Ramadhani ilipoingia, mapipa ya mwaka mzima yalikuwa yamekauka. Malori manne yalisimama bila oili, na upande mmoja wa kambi wanawake walikaa kwenye foleni siku mbili bila maji. Hapo ndipo uvumi ulipoanza kwamba Korane anauza oili. Ukaitishwa mkutano Jumatatu.

Jumapili adhuhuri Korane alikuta vichupa vimeanikwa kwenye sinia. Alichukua kimoja, akaingiza kidole kidogo, akakisugua kwa dole gumba. Alikisugua muda mrefu.

“Qali, hivi unavioshea nini?”

“Mchanga. Safi kabisa, niliuchekecha.”

“Basi maabara walikuwa wanapima mchanga huu, si vumbi la injini,” alisema, akakaa chini. Hakunipigia kelele.

“Kesho nitakuja niwaeleze,” nilisema.

“Hutakuja. Jina lako halitatajwa kule.”

Kwetu mwanamume hampeleki mkewe mbele ya kikao cha wanaume ambebee mzigo. Nilijua hivyo, na nikabaki nyumbani. Yaliyosemwa alinieleza Guled, aliyekuwepo.

Korane aliapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakuuza, akasema vumbi la kwenye karatasi halikuwa la injini. Meneja akamuuliza oili ilikwenda wapi.

“Niliimwaga.”

“Ikiwa bado nzuri?”

“Karatasi zilisema imwagwe.”

“Na karatasi zilidanganywa na nani?”

“Kosa langu. Vichupa vilikuwa vichafu.”

Mtu wa nyuma akasema, “Kumbe vichupa ndivyo vilivyokunywa mapipa kumi na mawili.” Wakacheka. Hakuna aliyeuliza nani alivisafisha.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Tulihamia Garissa, na hakuna gereji iliyomtaka. Alitengeneza pampu za wakulima kando ya mto, akiitwa. Wiki nyingi hakuitwa. Aliacha kwenda msikiti wa mjini, akaswali chumbani. Mwaka wa 1998, baada ya mafuriko, homa ilimchukua kwa siku nne. Msibani, nikiwa ndani na wanawake, nilimsikia mmoja akimuuliza mwenzake kama mapipa yametuachia nyumba.

Maandishi haya hayatawarudisha wale wachumba, najua. Waliokwisha kuamini hawasomi. Lakini oili haikuuzwa, na mchanga ulikuwa wangu.

Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza miaka mitatu, yeye akiwa hai na akitukanwa. Hilo silijibu.