Muziki Nyuma ya Sauti

Juzi mteja aliniletea simu dukani kwangu hapa Butembo, na ilipolia, vidole vyangu viliachia bisibisi. Mlio wake ulikuwa muziki mwembamba wa kengele, unaozunguka na kurudi palepale ulipoanzia. Mimi ndiye wa kwanza nyumbani kwetu kupata diploma ya elektroniki. Niliisomea Kampala kwa pesa nilizochuma kwa kuuza sambusa, na simu zilizowashinda mafundi wengine wa mji huu nazifufua kabla chai yangu haijapoa. Lakini muziki ule hunishinda, na ngoja niwaambie kwa nini.

Mwaka wa Ebola nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumba ilinuka klorini hadi kwenye sombe, majani yetu ya muhogo. Hatukumwamini mtu. Upande wa Beni watu walikuwa wameuawa kwa mapanga miaka na miaka, kisha ugonjwa ukaingia na magari meupe ya mashirika yakajaa barabarani. Baba aliuliza yalikuwa wapi siku zote hizo. Redio yetu aliitoa betri, akisema watangazaji wameshanunuliwa. Alichoamini ni simu yake, na aliyejua kuiendesha ni mimi. Nilijiona waziri.

Ndipo ikaja ile audio. Mwanamume alinong'ona kwa Kinande, lugha yetu, kwamba amejificha ndani ya kituo cha wagonjwa, Beni, na kwamba kila anayeingia huchomwa sindano ya kummaliza. Nyuma ya sauti yake ulisikika ule muziki. Baba alisema ni mashine wanayofungiwa wagonjwa. Niliwachezea majirani wote, nikiwaonyesha hasa mahali mashine inapoanza.

Wiki hiyohiyo mama mdogo Masika, aliyeshuka kutoka kijijini Kipese na viazi vyake, alishikwa na homa na kutapika. Kwenda kituoni alitaka mwenyewe.

"Shemeji, munipeleke. Radio ya kwetu Kipese inasemaka benye banaenda kituoni mbio banapona."

"Kahindo, weka tena ile audio," baba akaniambia.

Nikaiweka. Masika alisikiliza macho yamefungwa.

"Huyu mutu, jina yake nani?"

"Anasemaka Kinande sawa siye. Jina ya nini tena?"

"Hata mbuzi ya Kipese inasemaka Kinande," akajibu, na mama akacheka huku akifuta machozi.

Masika alibaki chumbani. Siku ya nne alifariki. Walipokwisha kumzika wale wazikaji wa Ebola wenye mavazi meupe, baba alishika simu, akasema kwa Kinande kwamba wamemuua shemeji yake. Akanipa nitume kwa watu wote. Nikabonyeza kwa kidole gumba, ikaenda.

Wiki yangu ya kwanza Kampala, nikienda chuoni, niliusikia ule muziki nyuma yangu, vilevile kabisa. Niligeuka. Alikuwa mtu wa baiskeli yenye sanduku, anauza aiskrimu, watoto wanamkimbilia. Kwetu kwenye baridi hatukuwa tumewahi kuona kitu kama hicho. Yule mnong'onaji hakuwa kituoni Beni. Alikuwa kwenye jua la mji fulani wenye amani, watoto wakilamba aiskrimu mbele yake.

Siku hizi wakiniletea audio, nasikiliza kwanza kilicho nyuma ya sauti. Hata yenu nitaisikiliza hivyo.

Baba sijamwambia habari ya yule muuza aiskrimu. Diploma yangu ameitundika sebuleni, chini ya picha ya Masika, na kila mgeni huambiwa kwamba binti yake hadanganywi na mashine. Wageni wakinisifu, mimi huangalia kidole gumba changu.